Gari lililozimika mlimani, na kaye iliyolitafutia dawa

Butembo, Kivu ya Kaskazini. Siku gari lile lilipozimika kwa mara ya kwanza, lilikuwa linapanda mlima kwenye barabara ya kitaifa namba 2, kati ya Lubero na Musienene. Ndani walikuwa abiria wanne, na nyuma mifuko miwili ya viazi. Shofa aliona pembetatu nyekundu ikiwaka mbele yake, nguvu ikapungua kama mtu anayeishiwa na pumzi, kisha gari likasimama katikati ya njia.

Vijana waliokuwa kando ya barabara walikuja kusukuma. Walisukuma hadi jasho likawatoka, lakini wapi. Abiria wawili wakachukua pikipiki, wakaenda zao bila kulipa. Baada ya nusu saa hivi, shofa alibonyeza tena kitufe cha kuwashia, na gari likawaka kama vile hakuna kilichotokea. Likafika Butembo vizuri. Kesho yake likafanya kazi kutwa nzima, na siku ya tatu pia. Siku ya nne likazimika tena.

Kwa shofa huyo, jambo hilo halikuwa usumbufu wa kazi tu. Yeye ni mkimbizi wa vita. Mwishoni mwa mwezi wa sita 2024, mapigano yalipofika Kanyabayonga, alitoka na watu wanane ndani ya gari hilo: bibi yake, mama yake mzazi, watoto wanne, na majirani wawili, mama mmoja mzee na mke wa mtoto wake. Godoro moja lilifungwa juu kwa kamba. Nyumba ilibaki, shamba likabaki, mbuzi wakabaki. Majirani wale walishuka Musienene, kwa ndugu zao. Shofa na jamaa yake wakaendelea hadi Butembo, ambako mwalimu mmoja aliwapa vyumba viwili nyuma ya nyumba yake.

Tangu siku hiyo, mali yote ya jamaa ile ni gari. Ndilo shamba, ndilo duka, ndilo karo ya shule. Asubuhi linapeleka watu Lubero, karibu kilomita 45, mchana linarudi na watu pamoja na viazi, na usiku, mtu akishikwa na ugonjwa, simu ya shofa ndiyo inalia.

Gari lenyewe ni Toyota Prius ya mwaka 2006, iliyonunuliwa Kampala ikiwa imekwisha kutumika sana, ikapitia Kasindi. Ni gari la haibridi, maana yake linatumia esansi na umeme pamoja. Shofa alilipenda kwa sababu moja: linakunywa esansi kidogo. Katika mji ambako bei ya esansi inapanda kila njia inapofungwa, hilo si jambo dogo.

Lakini gari la namna hiyo lina tabia zake, na asiyezijua anaweza kuzidhania ugonjwa. Likisimama sokoni au likiteremka mlima, motere ya esansi huzimika yenyewe ili kuokoa mafuta, na gari linabaki kimya. Ukimya huo si ugonjwa. Ugonjwa ni pale pembetatu nyekundu inapowaka, nguvu inapokata, na ile taa inayoonyesha kwamba gari liko tayari inapotoweka. Shofa alikuwa anaujua ukimya wa aina zote mbili, na ndiyo maana aliogopa.

Garaji ya kwanza ilipokea gari kwa furaha. Fundi alifungua kapo, akaona motere, akacheka. Alisema, “Papa, hii ni ndugu ya motere ya Probox. Tunaijua hata gizani.” Hakudanganya. Motere ya esansi ya Prius hiyo, ya lita 1.5, kweli ni ya ukoo mmoja na ile iliyo katika Probox nyingi zinazopita Butembo kila siku. Fundi akabadilisha bujie zote nne, akasafisha mdomo wa hewa, akatoa waya wa batri kwa saa moja “ili gari lipumzike akili”. Akalipwa dola 45. Gari likaenda siku tano bila tatizo, na shofa akamsifu fundi huyo mbele ya watu.

Siku ya sita likazimika.

Garaji ya pili ilitupa lawama kwenye esansi. Wakamuuliza shofa ananunua wapi, akakubali kwamba mara nyingine ananunua kwa wale wauzaji wa kando ya barabara ambao watu huwaita kadhafi. Wakatingisha vichwa. Wakasema maji yameingia ndani ya tanki, pompa ya esansi imechoka. Wakaosha tanki, wakaweka pompa nyingine iliyotumika, na wao pia wakatoa waya wa batri kabla ya kuanza kazi. Wakapima joto la motere, wakaangalia maji ya radiatere, wakakuta yamejaa. Dola 85. Gari likatembea karibu wiki nzima, halafu likazimika pale pale mlimani.

Garaji ya tatu haikugusa kitu. Fundi alizunguka gari mara moja, akasema batri kubwa imekufa, nyingine ni dola 800, na bila hiyo gari ni sanduku la chuma. Shofa alirudi nyumbani kwa mguu, akaliacha gari limeegeshwa, akamwambia bibi yake kwamba afadhali kuliuza kama chuma kabla halijazidi kuoza. Wakati huo alikuwa na deni la dola 130: dola 45 kwa mwalimu mwenye nyumba, na dola 85 kwa ndugu yake.

Hakuliuza, kwa kuwa hakupata mteja. Akaendelea kufanya kazi nalo, huku moyo ukimdunda kila anapouona mlima.

Usiku uliombadilisha ulikuwa wa wiki iliyofuata. Tangu saa nane mchana alikuwa barabarani. Saa mbili za usiku simu ililia: yule mama mzee wa Musienene, jirani wa Kanyabayonga. Mke wa mtoto wake ameshikwa na uchungu, kituo cha afya kimesema apelekwe Butembo, mtoto amekaa vibaya. Shofa hakuwa na nguvu ya kukataa. Alikwenda, akawapakia, akageuza. Wakapanda mlima wa kwanza vizuri. Kwenye mlima wa pili, pembetatu nyekundu ikawaka.

Hakuna aliyepiga kelele. Mama mzee aliwasha tochi ya simu, akashika mkono wa mkwe wake. Shofa alibonyeza kitufe mara kumi, mara ishirini. Kwenye giza lile, kwenye barabara ile, kila mtu alikuwa anafikiria jambo moja bila kulisema. Mwishowe pikipiki mbili zilitokea. Mama mjamzito akapandishwa moja, mama mzee akakaa nyuma yake kumshikilia, na hivyo ndivyo walivyofika hospitali. Mtoto alizaliwa kwa kupasuliwa, mzima, na mama yake akapona.

Kesho yake shofa alikwenda kuwaona. Mama mzee alitoa franka zilizokunjwa kwenye pindo la kitenge, nusu ya nauli, akamwekea mkononi. Alisema, “Mtoto wangu, pale ulipotufikisha, ulitufikisha.” Shofa alikataa pesa zile. Watu wa nyumbani kwake wanasema jioni hiyo hakula.

Aliyeanza kulifikiria jambo hilo kwa njia nyingine ni binti yake wa kwanza, mwanafunzi wa sekondari. Aliuliza swali ambalo hakuna garaji iliyouliza: “Papa, linazimika lini?” Baba yake akajibu, “Linazimika likitaka.” Binti akasema hakuna mashine inayotaka. Akachukua kaye ya shule ambayo kurasa zake za mwisho zilikuwa tupu, akapiga mistari: tarehe, saa ya kuondoka, jua au mvua, abiria wangapi, mzigo gani, esansi imenunuliwa wapi, mahali lilipozimika, lilikuwa limetembea dakika ngapi, taa gani iliwaka, lilipumzika dakika ngapi kabla ya kuwaka tena. Akaweka sheria moja: kwa wiki tatu, fundi yeyote asiguse gari, na waya wa batri usitolewe.

Baba yake alikubali, labda kwa kuwa hakuwa na pesa za fundi mwingine. Kila jioni alikaa kwenye kiti cha plastiki, yeye anasema, binti anaandika. Siku ambazo hakuna shule binti alikwenda naye njiani, na saa mkononi.

Mwisho wa wiki tatu, kaye ilikuwa na safari 14. Gari lilikuwa limezimika mara nne. Binti alipiga mstari mwekundu chini ya mara hizo nne, akaanza kuzilinganisha. Esansi: mara mbili ilitoka kwenye kituo, mara mbili kwa kadhafi. Kwa hiyo si esansi. Mzigo: mara moja gari lilikuwa tupu, yeye na baba yake peke yao. Kwa hiyo si mzigo. Asubuhi, safari ya kwanza: halikuzimika hata siku moja. Kwenye mteremko: hata siku moja. Zote nne zilikuwa mchana, kwenye kupanda, baada ya gari kutembea zaidi ya nusu saa bila kupumzika. Na kila mara lilikubali kuwaka tena baada ya dakika 30 hadi 45.

Lakini kulikuwa na mistari mitatu iliyomsumbua. Mlima ule ule, saa ile ile, jua lile lile, na gari halikuzimika. Pembeni yake aliandika: “Kwa nini si kila mara?”

Kaye hiyo ilifika mikononi mwa kijana mmoja, fundi wa umeme wa magari, ambaye alijifunza kazi Kampala na sasa anafanyia kazi chini ya turubai karibu na parking ya magari ya Lubero. Kabla ya kufungua kapo, alikaa juu ya tairi akaisoma kaye yote. Halafu akauliza swali moja: je, gari hili limewahi kuzimika usiku? Shofa akamweleza ule usiku wa Musienene. Fundi akasema, “Basi si jua, Papa. Ni joto la ndani. Kuna kitu kinachopata moto kikifanya kazi muda mrefu, na kikipoa kinapona.”

Hapo ndipo shofa alipoelewa kilichomdanganya miezi yote ile. Gari likizimika, linaletwa garaji, linasubiri zamu yake saa mbili, saa tatu. Likiwa linasubiri, linapoa. Fundi akibadilisha chochote, hata kioo, gari litawaka na kutembea. Kila fundi aliyeligusa aliondoka akiamini ameliponya, na shofa naye aliamini. Mafundi wale hawakuwa wezi. Walitengeneza kile walichokijua, na motere waliyoijua haikuwa mgonjwa.

Fundi alianza na vitu rahisi. Alipima batri ndogo, ile ya volti 12, kwa sababu kwenye haibridi batri hiyo ikiwa dhaifu, gari zima linachanganyikiwa na kuwasha taa za uongo. Gari likiwa limezimwa, alipata volti 12.6, na likiwa limewashwa, karibu 14. Batri nzima. Kisha akachomeka chini ya usukani kifaa kidogo cha kusoma makosa, kile kinachoelewa magari ya haibridi. Kikaonyesha namba moja: P0A93.

Namba hiyo, alieleza, inahusu kupozwa kwa inverta. Inverta ni lile sanduku la chuma lililo chini ya kapo, lenye waya nene za rangi ya machungwa. Batri kubwa ya gari hilo iko nyuma ya kiti cha nyuma na ina zaidi ya volti 200. Inverta inapokea umeme huo, inaupandisha na kuubadilisha, na kuupeleka kwenye mashine za umeme zinazosaidia kusukuma magurudumu. Mlimani inafanya kazi kubwa zaidi, na kazi kubwa huzaa moto. Kwa hiyo ina maji yake ya kuipoza, na pompa yake ndogo ya umeme. Maji hayo si yale ya motere. Ndiyo maana garaji ya pili ilikuta maji ya motere yamejaa na joto lake liko sawa. Walipima mgonjwa mwingine.

Inverta ikizidi moto, kompyuta ya gari hupunguza nguvu, kisha hukata kabisa, ili isiungue. Na ikikata, hakuna njia nyingine ya kuwasha, kwa sababu gari hilo halina demarere kama magari ya zamani. Mashine ya umeme, inayolishwa na inverta hiyo hiyo, ndiyo inayoamsha motere ya esansi. Vijana wangesukuma hadi Butembo, lisingewaka.

Na kwa nini mafundi wa kwanza hawakuiona namba hiyo? Hawakuwa na kifaa. Lakini hata kama wangekuwa nacho, walikuwa wanatoa waya wa batri kabla ya kuangalia, na mara nyingi kufanya hivyo hufuta kumbukumbu ya makosa. Ni kama kuosha kidonda kabla daktari hajauliza kilichokuuma. Safari hii, kwa sheria ya binti, kumbukumbu ilikuwa bado ipo.

Mtu mwingine angeagiza pompa mpya hapo hapo. Fundi alisema namba inaonyesha nyumba, haionyeshi chumba. Aliwasha gari, akafungua kifuniko cha maji ya inverta, akamulika kwa tochi. Maji yalikuwa yanacheza, yanazunguka kama maji ya sufuria iliyoanza kuchemka. Pompa ilikuwa inafanya kazi. Shofa alikata tamaa, akidhani na huyu pia amekosea.

Fundi hakusema kitu. Alilala chini, mbele ya gari, akaingiza mkono nyuma ya taa ya mbele, mahali pa chini ambapo pompa hiyo imefungwa, akashika waya wake na kuutingisha polepole. Akamwambia binti aangalie maji. Binti akasema, “Yanacheza… yanacheza… yamesimama.” Akatingisha tena. “Yanacheza.” Tena. “Yamesimama.”

Walipofungua parashoki na taa, waliona chanzo. Fishi ya pompa, pale ambapo waya mbili zinaunganika, ilikuwa na kutu ya kijani, na kipande chake cha plastiki kinachoifunga kilikuwa kimevunjika. Matope ya barabara ya Lubero yalikuwa yameingia humo msimu baada ya msimu. Siku fishi ilipokaa vizuri, pompa ilifanya kazi na gari likapanda. Siku gari lilipopita shimo baya na fishi ikaachana kidogo, pompa ilisimama bila mtu kujua, maji yakalala, na nusu saa baadaye inverta ikawa moto. Hilo ndilo lilikuwa jibu la swali lililoandikwa pembeni ya kaye.

Kazi ilichukua mchana mmoja. Fundi alikata ncha mbovu za waya, akaweka fishi nyingine, akaziunganisha kwa risasi ya moto, akafunga vizuri maji yasiingie, akaifunga waya kwenye chuma isitingishike. Akajaza maji ya rangi yanayofaa na kutoa hewa iliyobaki ndani. Kando ya kiti cha nyuma alifungua feni inayopoza batri kubwa, akatoa vumbi na udongo wa viazi kiasi cha kujaza mikono miwili. Mdomo wa feni hiyo uko pale pale ambapo abiria wanapenda kuegemeza mifuko. Alimwambia shofa asiruhusu tena mzigo kuuziba, kwa sababu hiyo ndiyo ingekuwa safari yake inayofuata ya garaji, na hapo kweli ingekuwa batri kubwa.

Akaomba dola 15.

Shofa alihesabu dola hizo taratibu. Alikwisha kutumia 130 kwa vitu ambavyo havikuwa vibovu, na alikuwa karibu kukopa 800 nyingine. Hakukasirika, au kama alikasirika, alijikasirikia mwenyewe, kwa kuwa kila mara aliingia garaji na kusema “gari limezimika, litengenezeni”, bila kusema limezimikaje.

Fundi hakumwambia kwamba amepona kabisa. Alimwambia apande mlima ule mara tatu akiwa peke yake, mchana, bila abiria, kabla ya kumpakia mtu yeyote, hasa mgonjwa. Pompa yenyewe, alisema, ni ya zamani kama gari, na siku moja itachoka. Afadhali kuweka akiba kidogo kidogo na kuagiza nyingine Kampala kabla haijafa. Shofa alipanda mara tatu. Binti aliandika mara tatu: “Halikuzimika.” Wiki iliyofuata wakaongeza mistari mingine tisa, sasa ikiwa na abiria na viazi, na kila mstari uliishia kwa neno lile lile.

Kwa wenye magari ya haibridi ya umri huo, na sasa yanazidi kuonekana katika miji ya mashariki, fundi huyo anatoa mashauri machache. Gari likianza kuzimika kwa vipindi, lisipelekwe garaji likiwa na hadithi tupu. Andikeni saa, mahali, taa iliyowaka, na muda lililopumzika. Fundi asitoe waya wa batri kabla ya makosa kusomwa. Maji ya inverta yaangaliwe peke yake, mbali na maji ya motere, na gari likiwa limewashwa lazima yaonekane yakitembea. Mdomo wa feni ya nyuma uachwe wazi. Pembetatu nyekundu ikiwaka mlimani, shofa atafute mahali pazuri kando ya barabara mapema, kabla gari halijachagua mahali lenyewe.

Na shauri moja analirudia kuliko yote: waya za rangi ya machungwa si za kujifunzia. Umeme wake unaua. Hata fundi asiziguse kabla ya kuzima gari, kuchomoa ile plagi ya usalama iliyo nyuma akiwa na glavu za umeme, na kusubiri si chini ya dakika kumi. Kazi ya fishi ya pompa haikuhitaji kuzigusa, kwa sababu pompa hiyo hutumia umeme mdogo wa volti 12. Lakini kijana asiyejua tofauti anaweza kulipa kwa maisha yake.

Deni bado lipo. Shofa ameanza kulipa kwa ndugu yake kwanza, kwa sababu mwalimu mwenye nyumba amesema yeye anaweza kungoja. Kanyabayonga bado iko mbali. Kila jioni jamaa huongea juu ya kurudi, na mama mzazi wa shofa huuliza kama gari litaweza njia hiyo siku ikifika. Ni swali analoliuliza kama mtu anayeuliza hali ya mvua.

Mtoto aliyezaliwa usiku ule alipofikisha wiki sita, bibi yake alipiga simu kutoka Musienene. Mkwe wake anatakiwa kuonekana tena hospitalini Butembo, na mtoto pia. Kulikuwa na magari mengine barabarani. Alimpigia yeye.

Shofa aliwafuata alasiri. Mama mzee alikaa nyuma, akaweka kikapu chake kando ya kiti, halafu shofa akamwomba akiweke miguuni, mdomo wa feni usizibwe. Akauliza, “Litafika?” Shofa akajibu, “Mama, tutaona mlimani.” Walipanda mlima wa kwanza. Walipanda wa pili, pale pale waliposimama gizani, na hakuna aliyesema neno hadi juu kabisa. Jioni binti alifungua kaye, akaandika tarehe, saa, abiria watatu na mtoto mmoja. Ni baba yake aliyemaliza mstari kwa mkono wake.